Jinsi ya kuchora ramani ya mmomonyoko wa udongo kwenye kidakio kidogo, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mara. "Nipakue data gani?" "Mbona ramani yangu yote imekuwa nyekundu?" "Nimepata tani 4,000 kwa hekta, ni sawa hiyo?" Na lile linalokuja na hasira kidogo: "Mbona rasta yangu imetoka tupu?" Rasta ni ramani iliyogawanywa miraba midogo, yaani pikseli, kila mmoja ukiwa na namba yake. Nimeyapanga majibu kwa mfuatano wa kazi yenyewe, ili uweze kufungua kompyuta na kufuata.

Kidakio ni eneo lote ambalo mvua yake hatimaye hupita kwenye mlango mmoja wa maji: daraja, bwawa, au mahali kijito kinapoingia mtoni. Kidogo hapa ni kati ya kilomita za mraba 1 na 50 hivi. Ukishuka chini ya hapo, data za bure zenye pikseli za mita 30 zinakuwa butu mno. Kilomita moja ya mraba ina pikseli kama 1,100 tu.

Kabla hujapakua chochote, elewa hili kwanza, maana litakuokoa muda mwingi. Kwenye kidakio kidogo, ramani yako itachorwa na vitu viwili: umbo la ardhi na kinachofunika udongo. Mvua karibu ni ile ile kila mahali, na data za udongo za dunia nzima hazioni tofauti ndogo ndogo. Wanaoanza hufanya kinyume: wiki tatu kwenye mvua, nusu saa kwenye mteremko. Wewe geuza.

## Utakachohitaji

Programu ya ramani ya QGIS, ya bure, iliyosakinishwa pamoja na GRASS, mkusanyiko wa zana za kuchambua ramani. Hakikisha zana za GRASS zinaonekana kwenye kisanduku cha zana. Zisipoonekana, washa kiendelezi chake kwanza.

Data ya mwinuko. SRTM ya mita 30, iliyopimwa kwa rada mwezi Februari 2000, au Copernicus GLO-30 ambayo ni mpya zaidi. Mimi ningeanza na Copernicus. Zote mbili zina kasoro moja kuhusu miti, tutaifikia kwenye hatua ya 4.

Data ya udongo. SoilGrids, pikseli za mita 250. Chukua mchanga, silti (chembe zilizo katikati ya mchanga na mfinyanzi), mfinyanzi na kaboni ogania, tabaka la sentimita 0 hadi 5.

Mvua. CHIRPS inatoa mvua tangu 1981 kwa pikseli za nyuzi 0.05, takriban kilomita 5.5. Kidakio chako huenda kikaingia chote ndani ya pikseli moja. Kituo cha mvua kilicho karibu chenye kumbukumbu za miaka 20 kinafaa vilevile, na mara nyingi kinafaa zaidi.

Kifuniko cha ardhi. ESA WorldCover ya 2021, pikseli za mita 10, pamoja na picha za setilaiti za Sentinel-2.

Mwisho, viatu vizuri. Hatua ya 9 haifanyiki ukiwa umekaa.

## Hesabu yenyewe, kwa ufupi

Tunatumia RUSLE, mlinganyo uliotoka Marekani na kuchapishwa mwaka 1997 kama marekebisho ya ule wa Wischmeier na Smith wa 1978:

A = R × K × LS × C × P

A ni udongo unaong'oka, tani kwa hekta kwa mwaka. R ni nguvu ya mvua, K ni wepesi wa udongo kung'oka, LS ni urefu na ukali wa mteremko, C ni kifuniko, P ni hatua za hifadhi kama makinga maji na kilimo cha kontua (kulima kwa kufuata mistari ya mwinuko mmoja). LS, C na P hazina vipimo; ni uwiano tu. LS = 1 maana yake ni kipande cha majaribio chenye urefu wa mita 22.13 na mteremko wa asilimia 9. C = 1 ni ardhi iliyolimwa na kuachwa tupu. Nadharia inaishia hapo.

## Hatua ya 1: Weka kila kitu kwenye mita

Data nyingi hizi huja kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Zibadilishe zote ziwe kwenye kanda ya UTM (mfumo wa viwianishi vya mita) ya eneo lako kabla ya hesabu yoyote. Unapobadilisha mwinuko, chagua njia ya bilinia, inayochanganya thamani za pikseli jirani. Unapobadilisha kifuniko cha ardhi, chagua jirani wa karibu, inayochukua thamani ya pikseli moja tu. Ukikosea hapo, wastani wa msitu (namba 10) na nyasi (namba 30) utakuzalia vichaka (namba 20) ambavyo havipo duniani.

Kata data za mwinuko zikiwa na ziada ya kilomita moja au mbili kila upande wa eneo unalodhani ni kidakio. Usikate kwa kubana. Mpaka halisi bado huujui.

## Hatua ya 2: Tafuta mpaka wa kidakio

Endesha `r.watershed` ukitumia mwinuko. Weka kizingiti cha pikseli 500. Kwa pikseli za mita 30 hiyo ni hekta 45, inatosha kuonyesha vijito vya kawaida. Omba matokeo matatu: mkusanyiko wa maji (idadi ya pikseli zinazomwaga maji kwenye kila pikseli), mwelekeo wa maji na vijito. Huna haja ya kujaza mashimo ya mwinuko kabla. Zana hii hutafuta njia ya kutokea yenyewe.

Kisha endesha `r.water.outlet` kwa rasta ya mwelekeo na viwianishi vya mlango wa maji. Ni hapa watu wengi hukwama. Usitumie viwianishi ulivyochukua kwa simu ukiwa darajani. Kuza ramani, washa rasta ya vijito, bofya katikati ya pikseli ya kijito chenyewe, halafu nakili viwianishi vya hapo. Ukikosa kwa pikseli moja, utapata kidakio chenye ukubwa wa uwanja wa mpira.

Geuza matokeo yawe poligoni, uyaweke juu ya picha ya setilaiti, uutembeze mpaka wote kwa macho. Mpaka unapaswa kufuata migongo ya vilima. Ukiona unakatiza mto, rudi ulikotoka.

## Hatua ya 3: Mvua (R), fanya haraka

R halisi inahitaji kumbukumbu za mvua za kila dakika kadhaa, ambazo karibu hakuna mtu anazo. Kwa hiyo hutumika milinganyo ya mkato. Mmoja maarufu ni wa Renard na Freimund wa 1994, kwa mvua ya mwaka inayozidi milimita 850:

R = 587.8 − 1.219 P + 0.004105 P²

P hapa ni mvua ya mwaka kwa milimita, usiichanganye na P ya hifadhi. Kwa milimita 1,200 unapata 5,036. Sasa chukua kanuni ya Roose ya Afrika Magharibi, ambayo R kwa vipimo vya Kimarekani ni nusu ya mvua ya mwaka. Zidisha kwa 17.02 kuileta kwenye vipimo vya kimataifa, unapata 10,212. Mvua ile ile, R mara mbili.

Ndiyo maana nakuambia usikeshe hapa. Chagua mlinganyo uliotengenezwa mahali penye hali ya hewa inayofanana na yako, au chukua thamani kwenye ramani ya dunia ya GloREDa, uandike umechagua upi, uendelee. Ukizidisha kidakio chote kwa namba moja, mpangilio wa maeneo mabaya na mazuri haubadiliki hata kidogo. Zinabadilika tani peke yake.

## Hatua ya 4: Mteremko (LS), chukua muda wako

Endesha `r.slope.aspect` upate mteremko kwa nyuzi. Kisha tumia mlinganyo wa Moore na Burch wa 1986:

LS = (As ÷ 22.13)^0.4 × (sin β ÷ 0.0896)^1.3

β ni mteremko. As ni eneo linalomwaga maji kwenye pikseli, likigawanywa kwa upana wa pikseli. Kwa pikseli za mita 30, As ni mkusanyiko × 30.

Onyo la kwanza. Kikokotoo cha rasta cha QGIS husoma sin kwa radiani, wakati `r.mapcalc` ya GRASS husoma sin kwa nyuzi. Ukiandika sin(5) kwenye QGIS ukidhani ni nyuzi tano, utapata namba hasi, na namba hasi ikipandishwa kipeo cha 1.3 haina jibu: pikseli inakuwa tupu. Kwenye QGIS zidisha mteremko kwa 0.01745 kwanza. Kwenye GRASS usizidishe.

Onyo la pili ndilo zito. Mkusanyiko wa maji haujui mteremko unaishia wapi na kijito kinaanzia wapi. Unaendelea kuhesabu hadi mlangoni. Tazama pikseli mbili. Moja iko ubavuni mwa kilima, mteremko wa nyuzi 20, As mita 120: LS inatoka takriban 11.2. Ya pili iko chini bondeni, mteremko wa nyuzi 3 tu, lakini pikseli 5,000 zinamwaga maji humo, kwa hiyo As ni 150,000: LS inatoka karibu 17. Kwa hesabu hiyo, bonde tambarare linamomonyoka kuliko ubavu wa kilima. Si kweli. Mlinganyo huu ni wa maji yanayotambaa juu ya mteremko. Maji yakishaingia kwenye mfereji, ni habari nyingine kabisa.

Dawa yake ni kikomo. Urefu wa mteremko kabla maji hayajakusanyika huwa nadra kuzidi mita 120, na 300 ni mwisho wa mwisho. Kwa pikseli za mita 30, kikomo cha pikseli 4 kinakupa mita 120. Kwenye kikokotoo cha QGIS:

("mkusanyiko@1" <= 4) * "mkusanyiko@1" + ("mkusanyiko@1" > 4) * 4

Zidisha jibu kwa 30, hiyo ndiyo As yako. Pia ondoa pikseli za vijito vyenyewe kwenye ramani ya mwisho. Hazihusiki na hesabu hii.

Onyo la tatu ni lile la miti. Rada ya SRTM na ya Copernicus haifiki ardhini penye msitu mnene, inarudi kutoka karibu na vilele vya miti. Ukingo wa msitu wenye miti ya mita 15 unageuka genge la uongo, lenye mteremko wa nyuzi 14 au zaidi mahali ambapo ardhi ni sawa. Ukiona mstari mwekundu mwembamba unaozunguka msitu kama uzio, ndio huo. Kuna toleo la Copernicus lililopunguzwa miti na majengo, FABDEM, kwa matumizi yasiyo ya biashara. Kama kidakio chako kina msitu mwingi, anza nalo.

Kabla ya kuendelea, pima kikokotoo chako: mteremko wa nyuzi 5.14 na As ya 22.13 lazima vitoe LS = 1. Visipotoa, kuna mabano umesahau.

## Hatua ya 5: Udongo (K)

SoilGrids huhifadhi mchanga, silti na mfinyanzi kwa gramu kwa kilo, na kaboni kwa desigramu kwa kilo. Gawanya tatu za kwanza kwa 10 na kaboni kwa 100, zote ziwe asilimia. Kosa la kaboni ni la kimya: ukiisahau, K inatoka ikiwa inaonekana ya kawaida kabisa, kumbe udongo wote umehesabiwa kama una mboji tele.

Mlinganyo wa Williams, uliotoka kwenye modeli ya EPIC, ni zao la vipande vinne:

1. Mchanga mkubwa: 0.2 + 0.3 × e^(−0.0256 × mchanga × (1 − silti/100))
2. Mfinyanzi na silti: (silti ÷ (mfinyanzi + silti))^0.3
3. Kaboni: 1 − 0.25 × C ÷ (C + e^(3.72 − 2.95 × C)), ambapo C ni asilimia ya kaboni, si C ya kifuniko
4. Mchanga uliozidi: 1 − 0.7 × S ÷ (S + e^(−5.51 + 22.9 × S)), ambapo S ni 1 − mchanga/100

Angalia namba 0.0256 kwenye kipande cha kwanza. Utakuta maandiko mengine yameandika 0.256. Tofauti si ndogo: kwa udongo wenye mchanga asilimia 40 na silti 30, 0.0256 inatoa 0.347, na 0.256 inatoa 0.200. Kwa ile ya pili kipande hicho kinakaa kwenye 0.2 kwa karibu kila udongo, na kazi yake inakufa.

Tuumalizie udongo huo huo, mfinyanzi 30 na kaboni 1.5: 0.347 × 0.812 × 0.812 × 1 = 0.229. Hiyo ni kwa vipimo vya Kimarekani. Zidisha kwa 0.1317 upate 0.030. Udongo mwingi huangukia kati ya 0.01 na 0.07, ukiwa nje ya hapo, kagua vipimo.

Kikokotoo kisipokuwa na e, andika 2.71828 ^ ( ... ). Inafanya kazi ile ile.

## Hatua ya 6: Kifuniko (C), hapa pia tulia

Njia ya kwanza ni jedwali: unachukua WorldCover na kuipa kila namba thamani ya C. Thamani za kuanzia:

- msitu mnene wenye majani chini: 0.001 hadi 0.005
- nyasi zilizosimama vizuri: 0.01 hadi 0.05
- malisho yaliyochakaa: 0.1 hadi 0.2
- mazao ya msimu ya mistari, bila matandazo: 0.3 hadi 0.5
- ardhi iliyolimwa na kuachwa tupu: 1

Majengo na maji yatoe kabisa.

Njia ya pili ni NDVI, fahirisi ya ukijani inayotokana na bendi ya 4 na ya 8 za Sentinel-2: C = e^(−2 × NDVI ÷ (1 − NDVI)). NDVI ya 0.2 inatoa C ya 0.61, na 0.6 inatoa 0.05. Mlinganyo huu ulitengenezewa Ulaya na una tabia ya kuona ukijani tu. Majani yaliyokauka yanalinda udongo vizuri, lakini kwake ni sawa na ardhi tupu.

Njia zote mbili zina mtego mmoja: tarehe. Udongo mwingi hung'oka mvua kubwa inapokutana na shamba lililo tupu, na kwa kawaida huo ni mwanzo wa msimu, mashamba yakiwa yamelimwa na mbegu hazijachipua. Ukichukua picha nzuri isiyo na mawingu ya katikati ya msimu, mashamba yote ni kijani na mmomonyoko "umetoweka". Chukua picha za wiki za kwanza za mvua hata kama zina mawingu, ziwe nyingi za miaka kadhaa, halafu tafuta thamani ya kati kwa kila pikseli. Ni usumbufu, lakini usumbufu huu unabadilisha ramani kuliko kazi yote ya hatua ya 3.

Kama una muda wa njia moja tu, tumia jedwali, lakini ligawe eneo la mashamba kwa mkono: mazao ya kudumu upande mmoja, ya msimu upande mwingine. WorldCover huyatia mashamba yote kwenye namba 40, na kati ya mazao ya kudumu yenye matandazo na shamba la mistari C inaweza kutofautiana mara kumi.

## Hatua ya 7: Hifadhi (P)

Setilaiti hizi hazioni makinga maji. Kama hujui kilichopo, weka P = 1 kila mahali na useme hivyo. Kama unajua mahali wanapolima kwa kufuata kontua, tumia 0.5 kwa mteremko wa asilimia 3 hadi 8, 0.6 kwa 9 hadi 12, 0.7 kwa 13 hadi 16, 0.8 kwa 17 hadi 20. Kadiri mteremko unavyozidi, ndivyo kontua peke yake inavyochoka.

Penye matuta ya ngazi usihesabu faida mara mbili. Matuta hufupisha mteremko. Ukishapunguza As kwa sababu yake, usishushe tena P kwa sababu ile ile.

## Hatua ya 8: Zidisha

Linganisha rasta zote ziwe na ukubwa mmoja wa pikseli, mpaka mmoja na zianze pointi moja. QGIS ina zana ya kupanganisha rasta; itumie, usikisie. Kisha zidisha tano zote na ukate kwa poligoni ya kidakio.

Tuchukue ile pikseli ya ubavuni, iliyolimwa mazao ya msimu: 5,036 × 0.030 × 11.2 × 0.3 × 1 = takriban tani 508 kwa hekta kwa mwaka. Sasa jiulize kama unaiamini. Udongo wenye uzito wa tani 1.3 kwa mita ya ujazo, milimita moja juu ya hekta nzima ni tani 13. Tani 508 ni milimita 39. Karibu sentimita nne kila mwaka! Miaka kumi, mtu angekuwa analima jiwe.

Haimaanishi umekosea kuzidisha. Data zilizozaa mlinganyo huu zilitoka kwenye miteremko ya asilimia 3 hadi 18, na nyuzi 20 ni asilimia 36. Kule juu mlinganyo unabahatisha. Kwa hiyo tani usizitangaze, tangaza nafasi. Zipange pikseli zote kutoka ndogo hadi kubwa, uzigawe makundi matano yenye idadi sawa, na kundi la juu ndilo la kushughulikia kwanza. Ukilazimika kutoa takwimu ya eneo, toa thamani ya kati, maana wastani huvutwa juu na pikseli chache zenye kichaa.

Halafu fanya jaribio dogo ambalo wengi hulikwepa. Badilisha C ya mazao ya msimu kutoka 0.3 hadi 0.5, kisha kikomo cha As kutoka 120 hadi 300. Linganisha kundi la juu la kila ramani. Maeneo yanayobaki kwenye kundi hilo kila mara unaweza kuyasimamia mbele ya mtu yeyote. Yanayoingia na kutoka, yaite ya mashaka, na uyachore kwa rangi tofauti.

## Hatua ya 9: Nenda ukaone

Chagua pointi 30: kumi kutoka kundi la juu, kumi la kati, kumi la chini. Mpe viwianishi mtu ambaye hajaiona ramani, asijue pointi ipi ni ya kundi gani. Atazame dalili hizi na kutoa alama 0 hadi 3:

- mizizi ya miti iliyoachwa wazi, juu ya usawa wa udongo wa sasa
- vijiwe au vishina vya nyasi vilivyobaki juu ya vinguzo vidogo vya udongo, pembeni pameoshwa
- vijifereji vya upana wa kidole hadi kiganja
- udongo uliorundikana upande wa juu wa ua au wa kinga maji

Kundi la juu likipata alama kubwa kuliko la chini kwa tofauti inayoonekana, ramani inafanya kazi. Zikichanganyika, mara nyingi tatizo liko kwenye C: shamba limebadilishwa matumizi tangu picha ilipopigwa.

## Ikienda mrama

Mteremko ni karibu nyuzi 90 kila mahali. Data ya mwinuko bado iko kwenye nyuzi za latitudo, wakati urefu uko kwenye mita. Rudi hatua ya 1.

Mkusanyiko wa maji una namba hasi. GRASS inakuonya kwamba pikseli hizo huenda zinapokea maji kutoka nje ya eneo ulilokata. Zikiwa nje ya kidakio chako, ziache. Zikiwa ndani, ulikata kwa kubana. Kata upya eneo kubwa zaidi.

Ramani ya mwisho ina matundu. Pikseli moja tupu kwenye rasta yoyote kati ya tano inaua jibu la hapo. Ziwashe moja moja. Mara nyingi ni SoilGrids, ambayo haitoi thamani kwenye maji na miji. Jaza matundu madogo kwa thamani za majirani. Makubwa yaache wazi.

Tani zote ni kubwa karibu mara nane. K haijazidishwa kwa 0.1317. Zikiwa ndogo kwa kiasi hicho hicho, umezidisha mara mbili.

Kuna miraba mikubwa inayoonekana kama vigae. Hiyo ni K ya mita 250 ikijitokeza. Njia ya bilinia itailainisha machoni, lakini haiongezi taarifa yoyote. Kama miraba inabadilisha kundi la shamba, chukua sampuli za udongo mwenyewe.

Nimepima mashapo mlangoni, ni machache kuliko ramani inavyosema. Ndivyo inavyotakiwa. RUSLE inahesabu udongo unaong'oka, haisemi unafika wapi. Mwingi hutua njiani, chini ya miteremko na kwenye nyasi za kingo. Kwa makisio ya haraka kuna kanuni ya Vanoni: sehemu inayofika = 0.4724 × eneo^−0.125, eneo likiwa kilomita za mraba. Kidakio cha kilomita 10 za mraba kinatoa 0.35. Ukitaka kujua ni shamba lipi hasa linalochafua bwawa, hama uende kwenye modeli ya SDR ya InVEST, programu ya bure inayokadiria pia mashapo yanayofika kwenye maji. Rasta zako za mwinuko, R, K na kifuniko cha ardhi inazitumia.

Kuna korongo kubwa linajulikana na kila mtu, kwenye ramani halipo. Halitakuwepo. Makorongo, maporomoko na kingo za mto zinazobomoka haviko ndani ya mlinganyo huu, hata ukirekebisha namba vipi. Chora makorongo kwa mkono juu ya picha ya setilaiti, yaweke kama tabaka lake peke yake juu ya ramani, na kwenye maelezo ya ramani andika kwamba rangi hazihusu korongo. Kisha angalia juu ya kichwa cha kila korongo: kama pikseli za hapo ziko kundi la juu, zianze hizo kabla ya zingine zote.